Askari Wanaopigana Bila Adui

Paukwa! Pakawa! Sogeeni wajukuu zangu, leo nawasimulia habari ya kweli.

Mtoto aliyekuwa bingwa wa kuruka kamba anaanza kuchechemea. Usiku wenzake wamelala, yeye anaugulia mguu, au mtulinga, au mgongo. Eksirei ya kwanza pengine haionyeshi kitu, na watu wananong'ona: "Huyo anakwepa kazi." La! Anaumwa kwelikweli.

Katika damu yetu wamo askari, ndizo chembe nyeupe. Kijidudu kikiingia, wanapambana nacho, na hapo penye vita panavimba na kuuma. Katika ugonjwa huu, askari hao wanapiga vita ndani ya mfupa ilhali adui hayupo. Madaktari hata wakipima kipande cha mfupa, kijidudu hawakikuti. Kwa hiyo hauambukizi: kaeni naye, kuleni naye sahani moja.

Mwaka 1972 daktari Andres Giedion wa Uswisi na wenzake waliandika habari za watoto wenye ugonjwa huu. Siku hizi madaktari wanauita CRMO. Ni nadra, huwapata wasichana zaidi, na unaweza kushika mifupa kadhaa, ukatulia, kisha ukarudi. Kuutambua huchukua muda, maana lazima daktari ahakikishe kwanza kwamba si saratani wala maambukizi. Mashine ya MRI husaidia sana, kwani huona hata uvimbe ambao mtoto mwenyewe hausikii.

Je, unatibika? Unatulizwa. Mara nyingi huanza dawa za kupunguza uvimbe, kama naproksini. Zisipotosha, zipo dawa za mfupa zinazopitishwa kwenye mshipa, na nyingine za kuwapoza wale askari. Kwenda kliniki ni lazima hata maumivu yakiisha, kwa sababu pingili za uti wa mgongo zinaweza kubonyea kimyakimya.

Basi wajukuu, mwenzenu akichechemea leo na kesho akakimbia, msimwite mwongo. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Mbebeeni mkoba, mngojeeni njiani. Na wewe unayeamshwa na maumivu ya mfupa usiku baada ya usiku, usinyamaze: mwambie mzazi akupeleke hospitali, na ukiulizwa na daktari, onyesha kila mahali panapouma.