Upande wa Kutoka na Upande wa Kwenda

"Fundi, mafaili yangu umeyatupa wapi?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi hadi sasa nalisubiri. Mara ya mwisho lilitoka kwa mwalimu wa taaluma wa sekondari moja wilayani Muleba. Mwezi uliotangulia alikuwa ameleta laptopu yake Bukoba nimbadilishie mfumo endeshi, kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint, akaondoka amefurahi kwa sababu ilikuwa inawaka upesi kuliko alivyoizoea. Kisha muhula ukaisha. Alama za kidato cha pili ziko kwenye flashi ya mwalimu mwenzake, fomu za ripoti ziko kwenye folda yake, na yeye anaitafuta diski C ambayo haipo tena. Anafungua folda, anakopi, anafunga, anazunguka kutafuta pa kupesti, na akifika ameshasahau alichokopi.

Nikamjibu, "Mwalimu, hayajaenda popote. Bonyeza F3."

Nitaieleza F3 hiyo. Kwanza niseme kwa nini watu wengi wa huku wanahama mfumo hivi sasa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, lakini marekebisho ya usalama yamekoma, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kupewa muda wa nyongeza. Windows 11 nayo ina masharti: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi zinazofika mezani kwangu ni za mtumba, za kizazi cha 4 hadi cha 6. Kioo kizima, kibodi nzima, ila mlango wa Windows 11 umefungwa. Linux Mint inazipokea bila maswali, tena bure.

Kuhama ni kazi ya dakika arobaini. Kuzoea ndiko kunakochukua wiki, na sehemu ngumu ya kuzoea ni mafaili. Hati utaandika katika LibreOffice kama ulivyoandika katika Word. Intaneti ni ileile. Lakini siku ya kwanza utakapotaka kutoa kitu hapa kukipeleka pale, mkono utakwama.

Ukisafiri kutoka Bukoba kwenda Muleba unapita Kemondo, penye bandari. Karani wa mizigo hakai ndani ya lori, wala haingii melini akakaa humo. Anasimama gatini, mahali anapoona vyote viwili: magunia ya kahawa yaliyobaki juu ya lori na yaliyokwishapakiwa. Ukimwambia ahesabu akiwa ndani ya lori, kisha afumbe macho atembee hadi melini ndipo afumbue, jioni hesabu haitakubali. Dirisha moja la mafaili linatufanya sote makarani wa kufumba macho. Unaona unakotoa, halafu panapotea, halafu unaona unakopeleka. Katikati ya hapo kichwa ndicho kinachobeba mzigo, na kichwa cha mtu anayetengeneza ripoti za wanafunzi mia tatu kimeshajaa.

Programu ya paneli mbili inakuweka gatini. Kushoto flashi, kulia folda yako. Kila kazi ina upande wa kutoka na upande wa kwenda, na pande zote mbili ziko mbele ya macho yako wakati wote.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1986 kampuni ya Peter Norton Computing ilitoa Norton Commander, programu ya DOS aliyoiandika John Socha: skrini ya bluu, paneli mbili, na chini kabisa mstari wa vitufe vya F. Aliyetumia kompyuta Urusi au Ulaya ya Mashariki miaka ya 90 anaikumbuka, kwa maana kule ilienea kupita kiasi. Mwaka 1993 Christian Ghisler wa Uswisi akaanza kuuza Windows Commander, ambayo tangu 2002 inaitwa Total Commander. Mwaka 1994 Miguel de Icaza wa Mexico akaandika Midnight Commander, ambayo makao yake hasa ni mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo. Baadaye ikaja Double Commander, inayofanana na ya Ghisler, ila ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac.

Nimetaja ukoo huu kwa sababu moja. Katika programu zote hizo F5 ni kunakili, F6 ni kuhamisha, F7 ni kutengeneza folda, F8 ni kufuta, na Tab inakuvusha kutoka paneli hii kwenda ile. Windows imebadilisha menyu zake mara ngapi tangu 1986? Vidole vilivyojifunza F5 wakati wa DOS bado vina kazi leo. Ndiyo maana mtu aliyeniambia kuwa mwakani atahama mfumo nilimshauri aanze na Double Commander akiwa bado kwenye Windows yake. Siku ya kuhama atakuta nyumba ngeni yenye jiko lilelile.

Sasa F3. Linux Mint inatolewa kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, na kila moja ina programu yake ya mafaili: Nemo, Caja na Thunar. Katika zote tatu, katika matoleo ya karibuni, ukibonyeza F3 dirisha linagawanyika mara mbili. Huhitaji kupakua chochote. Unafungua flashi upande mmoja, folda upande wa pili, unavuta faili kwa mausi kulivusha. Kwa mwalimu yule hilo pekee lilimaliza tatizo, na kwa watu wengi ningeishia hapo.

Ambaye siishii naye hapo ni mtu wa steshenari. Dada mwenye duka pale stendi, anayechapa, anatoa fotokopi, anaprinti picha za pasipoti na kupokea flashi thelathini kwa siku, anahitaji Double Commander kamili. Unaipata katika duka la programu la Mint kwa kuandika jina lake tu. Ukiifungua utaona paneli mbili na vitufe vyake chini.

Nianze na flashi, kwa sababu flashi za huku ni wagonjwa. Kuna kirusi kinachojulikana na kila steshenari: mteja anachomeka flashi, anakuta folda zake zote zimegeuka njia za mkato, akibofya anaiambukiza na kompyuta. Kirusi hicho hakifuti kitu. Kinayaficha mafaili halisi, mara nyingi ndani ya folda isiyo na jina, halafu kinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Alama ya kuficha ni ya Windows, na Linux kwa kawaida haiijali, kwa hiyo mafaili yaliyofichwa yanaonekana waziwazi, na zile njia za mkato, zenye kiishio cha lnk, zinabaki maiti zisizofanya lolote. Weka flashi kushoto, folda ya mteja kulia. Tembeza mshale, bonyeza Insert kwenye kila faili la kweli ili kulitia alama, kisha F5. Umemwokoa mteja, na hujalipia dawa ya virusi.

Picha zinafuata. Kamera inatoa majina kama IMG_2041, na baada ya harusi mbili huwezi kujua ipi ni ya Kamachumu na ipi ni ya Nshamba. Tia alama picha zote, bonyeza Ctrl na M kwa pamoja, litafunguka dirisha la kubadili majina kwa mkupuo. Andika Kamachumu_[C], na ile C ya mabano inageuka namba inayopanda. Picha mia nne zinapata majina kabla hujamaliza kumeza chai. Kazi hii nimewaona watu wakiifanya moja moja, hadi saa nne usiku.

Halafu kuna kulinganisha folda, ambako kwangu mimi peke yake kunatosha kuwa sababu ya kuiweka programu hii. Umenakili mafaili elfu mbili kwenda diski ya nje, umeme ukakatika katikati. Je, yalivuka mangapi? Kwa dirisha moja utaanza upya yote. Hapa unafungua chombo cha kulinganisha folda kwenye menyu, na programu inapanga majina ya pande zote mbili ikikuonyesha lipi liko huku tu, lipi liko kule tu, lipi linatofautiana. Unavusha yaliyobaki, basi. Ukitaka uhakika zaidi unaiambia ilinganishe kwa yaliyomo badala ya tarehe na ukubwa. Itachukua muda, lakini katibu wa chama cha msingi anayetunza orodha za wakulima wa kahawa ana haki ya kuutumia muda huo.

Umeme unanirudisha kwenye tofauti ya F5 na F6. Ukihamisha faili kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, faili halisogei kabisa. Kinachobadilika ni anwani yake katika daftari la diski, na ndiyo maana inakuwa papo hapo hata kama ni video ya saa tatu. Ukihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine, kompyuta inanakili kwanza ndipo inafuta ya zamani. Kazi ikikatika hapo unabaki na nusu huku na nusu kule, na kichwa kinauma. Kati ya diski mbili tumia F5, linganisha, kisha F8 kwa mkono wako mwenyewe.

Yapo mambo ya Linux yatakayokusumbua hata ukiwa na paneli mbili, nami siyafichi. Diski C na D hazipo. Kila kitu kinaanzia kwenye mzizi mmoja unaoandikwa kwa mkwaju, vitu vyako viko ndani ya home na jina lako, flashi inajitokeza ndani ya media. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti: Matokeo na matokeo ni mafaili mawili, na mtu mmoja aliwahi kuyajaza yote mawili kwa zamu akidhani ni moja. Kwenye laptopu nyingi vitufe vya F vimepewa kazi ya sauti na mwanga wa kioo, kwa hiyo F5 yako ni Fn na F5 pamoja. Na aliyejaribu Midnight Commander ndani ya terminali akabonyeza F10 ili atoke, akaona imefunguka menyu ya terminali yenyewe, ajue hajakosea. Abonyeze Esc kisha 0.

Linaloumiza zaidi ni kuchomoa flashi. Linux hupenda kuyaweka mafaili kwenye kumbukumbu ya muda kwanza, kisha inayaandika kwenye flashi polepole. Mstari wa maendeleo unaweza kukuonyesha kazi imekwisha ilhali nusu ya video bado iko njiani. Ukichomoa hapo, mteja anafika Muhutwe na faili bovu, na unalaumiwa wewe. Bofya kitufe cha kutoa flashi, subiri ujumbe kwamba unaweza kuichomoa, ndipo uichomoe. Jambo jingine dogo: ukifuta faili lililo kwenye flashi, mara nyingi Linux inalitia kwenye pipa la taka lililofichwa ndani ya flashi hiyohiyo, nafasi haiongezeki, na mteja anakushangaa. Futa kwa Shift na F8 ukiwa na hakika, au mwaga pipa. Na video ya harusi inayozidi GB 4 haiingii kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 hata kama flashi ina GB 64 tupu. Hilo ni kosa la fomati, halihusiani na Linux wala paneli.

Kuna programu za paneli tatu na nne pia. Kwenye Windows, Q-Dir inagawa dirisha mara nne. Nilijaribu, nikaacha. Kwenye kioo cha inchi 14 kila paneli inakuwa nyembamba hata majina ya mafaili hayasomeki, na tena swali la kunakili lina ncha mbili tu. Nikihitaji folda ya tatu naifungua kwenye kichupo juu ya paneli mojawapo, inakaa pale ikinisubiri.

Na si kila mtu anayehitaji haya. Mzee mmoja wa parokia, mteja wangu, anaandika barua na kuprinti ratiba ya misa. Mafaili yake yote yako kwenye folda moja na anayajua kama anavyoijua migomba yake. Nilimwonyesha paneli mbili, akatazama kwa adabu, akasema, "Mwanangu, mimi nina shamba moja tu." Sikumbishia.

Wewe mwenye mashamba mengi, nina ombi moja kwako. Usiniletee kompyuta nikubadilishie mfumo mafaili yako yakiwa humo ndani peke yake. Tafuta diski ya nje, weka Double Commander kwenye hiyohiyo Windows unayotaka kuiaga, kopi vitu vyako mwenyewe kwa F5, linganisha pande mbili mpaka zilingane, kisha iache diski hiyo nyumbani ndipo upande gari kuja Bukoba.