Mlinda Lango wa Mwarobaini

Mjukuu wangu alirudi nyumbani juzi na kijisanamu cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole gumba. Kilikuwa mchezaji wa kabumbu mwenye kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, jezi ya samawati ya Italia mwilini, na mguu mmoja umeinuliwa kama wa mtu anayetaka kupiga mpira ambao haupo. Alikipata katika fungu la vitu vya kuchezea vya mitumba hapa Malindi, kwa bei ya maandazi mawili. Akaniuliza, "Babu, huyu ni nani?" Sikumjua. Jina lililokuwa chini ya nyayo zake lilikwisha kufutika.

Vijisanamu vya namna hii vina historia yake, msomaji. Mwaka 1947, huko Uingereza, bwana mmoja kwa jina Peter Adolph alianza kuuza mchezo wa kabumbu wa mezani, ambao wachezaji wake wadogo husukumwa kwa ncha ya kidole. Alitaka kuuita Hobby, akakataliwa kuusajili kwa jina hilo. Basi akatwaa jina la kisayansi la ndege wa jamii ya kozi ambaye Waingereza humwita vivyo hivyo, na mchezo ukawa Subbuteo. (Ndege mwenyewe hukimbia baridi ya Ulaya na kupita katika anga yetu ya Kenya kila mwaka akielekea kusini, wala hajui kuwa jina lake limeuzwa madukani.) Mwaka 1988 kampuni ya Kenner ya Marekani ilitoa vijisanamu vya wanamichezo wa huko, na mwaka 1995 kampuni ya Corinthian ya Uingereza ikaleta hawa wenye vichwa vikubwa.

Jambo la ajabu ni kwamba watu wazima ndio waliovishika kwa pupa kuliko watoto. Na kwao wakusanyaji, kijisanamu huwa na thamani zaidi kikibaki ndani ya pakiti yake, hakijafunguliwa wala kuguswa. Mwanasesere asiyechezewa! Mtoto wa pwani akiambiwa hivyo atadhani anafanyiwa mzaha.

Sisi tulicheza kwa vizibo vya soda. Kila timu vizibo kumi, na mlinda lango alikuwa betri kuukuu ya tochi iliyolazwa ubavu. Mpira ulikuwa punje ya hindi. Tulichora kiwanja kwa chaki juu ya sakafu ya darasa, na kengele ilipolia tulikifuta kwa nyayo kabla mwalimu hajaingia. Hakuna hata kizibo kimoja kilichobaki cha kumwonyesha mjukuu.

Kiwanja cha kweli kilikuwa cha mchanga, katikati ya mikanju, na milingoti ya goli ilikuwa boriti za mikoko. Mpira tuliusuka kwa matambara na mifuko ya nailoni, ukafungwa kwa kamba ya katani. Mlinda lango wetu alikuwa mtoto wa mgema. Alikuwa na mikono mirefu ya kushangaza, na kwa kuwa tangu utotoni alizoea kudaka madafu ambayo babake aliyaangusha kutoka mnazini, mpira wa matambara kwake haukuwa na uzito wowote. Alicheza miguu mitupu. Tulio wengi tulicheza hivyo.

Mwaka mmoja tulivuka hori ya Kilifi kwa feri kwenda kushindana na shule ya upande wa pili. Hilo lilikuwa kabla ya daraja, ambalo lilifunguliwa mwaka 1991. Tulikuwa tumefunga bao moja, dakika zimekaribia kwisha, refa akatoa penalti dhidi yetu. Nakumbuka nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mpira ulikuwa mikononi mwa mwana wa mgema, naye ameukumbatia, uso wake umejaa mchanga. Tulirudi na feri tukiimba hadi nahodha akatukaripia kwamba tungeizamisha.

Ushindi huo ulitupeleka kwenye mashindano ya juu zaidi, na huko tukaambiwa kila mchezaji sharti avae viatu. Mwana wa mgema hakuwa navyo. Mimi nilikuwa na raba jozi mbili. Moja kuukuu niliyoivaa, na nyingine mpya ambayo amu yangu aliniletea kutoka Mombasa. Nayo niliiweka ndani ya boksi lake chini ya kitanda, nisitake ichakae. Miguu yetu ilikuwa sawa kwa kipimo. Alijua kwamba ninayo. Hakuniomba, nami sikumpa. Golini akasimama mwingine, tukafungwa manne. Muhula uliofuata mwana wa mgema hakurudi shuleni kwa sababu ya karo, na zile raba zilipotolewa ndani ya boksi zilikuwa zimekwisha kunibana.

Leo ni mchongaji hapa Malindi. Kazi hii ya vinyago katika Kenya hutajwa kuwa ilianzishwa na Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Ikateremka hadi pwani, ikala mpingo, kisha ikala muhugu wa msitu wa Arabuko-Sokoke hadi miti mikubwa ikawa adimu. Sasa wachongaji wengi wameugeukia mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na kuota karibu na kila nyumba. Nilimkuta rafiki yangu amezungukwa na twiga, vifaru, na Wamasai wenye mikuki. Nikamwomba anichongee mlinda lango.

Akacheka. "Sahibu, nani atamnunua? Mtalii ataka simba."

Kweli tupu, na ndiyo huzuni yangu. Duka zima la vinyago vya pwani halina mtu hata mmoja wa pwani! Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965, na sijapata kuona sanamu ya mchezaji wake. Pale Kilifi, tangu mwaka 2001, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwafundisha wasichana kabumbu, mchezo ambao zamani hawakukaribishwa kuucheza. Wao kazi yao ilikuwa netiboli. Msichana wa Kigiriama akipiga mpira angekuwa kinyago kizuri kuliko twiga wa elfu moja, nasema hivyo bila woga wa kupingwa.

Wala si kwamba kumweka mtu katika mti ni jambo geni kwetu. Wagiriama huwasimikia wazee wa Gohu waliofariki vigango vya mbao. Hivyo si vya kuchezea, na rafiki yangu alinionya nisivitaje pamoja na upuuzi wangu wa mpira. Lakini navyo viliwaangukia wakusanyaji: vikaibwa, vikauzwa, vikaning'inizwa ukutani Marekani kama mapambo. Mwaka 2007 viwili vilirudi Kilifi kwa ukoo wenyewe, na mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver likaamua kurudisha thelathini. Mgeni alijua bei ya ubao, hakujua ni nani.

Baada ya majuma mawili rafiki yangu aliniita. Mlinda lango alikuwa tayari, wa mwarobaini, kimo cha shubiri moja. Mikono ni mirefu kupita kiasi, kama ilivyokuwa. Mpira ameukumbatia kifuani. Miguuni amemvisha raba, na kamba zake zimefungwa fundo. Nilizitazama raba zile kwa muda mrefu, naye akajishughulisha na kupiga msasa kifaru. Nilimlipa bei ya twiga mkubwa, akanirudishia nusu.

Nyumbani mjukuu aliuliza lile lile swali lake, na safari hii nilikuwa na jina la kumtajia. Kisha akamsimamisha kati ya viberiti viwili, akamwelekezea yule Mwitalia, akatafuta punje ya hindi. Jana kidole kimoja cha sanamu kilivunjika.