Ndege za kukodi: Abiria amjue mwenye ndege kabla ya kugombea dirisha

Na Mwandishi Wetu

MTALII wa Ulaya anayelipia likizo ya wiki moja Diani au Nungwi hununua vitu vitatu kwa bei moja: kitanda, chakula na kiti cha ndege. Kitanda ameonyeshwa picha yake. Chakula kimeelezwa tangu chai ya asubuhi hadi vinywaji vya usiku. Kiti cha ndege, ambacho atakikalia kwa muda wa saa nane hadi tisa kwenda na muda kama huo kurudi, mara nyingi hakina maelezo zaidi ya tarehe na jina la uwanja. Kwa lugha ya sokoni, huyo amenunua mbuzi kwenye gunia.

Biashara yenyewe si ngeni. Mwaka 1950 Vladimir Raitz wa London alikodi ndege aina ya DC-3 kupeleka wateja wa kampuni yake ya Horizon kutoka Gatwick hadi Calvi, katika kisiwa cha Corsica, kwa pauni 32 na shilingi 10, nauli, chakula na malazi ya mahemani vyote vikiwa ndani. Msingi wake haujabadilika tangu hapo. Mwandaaji wa safari hukodi ndege nzima, au sehemu kubwa ya viti vyake, hulipa iwe imejaa au haikujaa, kisha hutafuta wateja. Kampuni ya ndege za ratiba inaweza kumngoja mfanyabiashara wa dakika ya mwisho asiyeuliza bei. Mwandaaji wa likizo hana mteja wa aina hiyo. Faida yake inatokana na mambo mawili tu: idadi ya viti vilivyofungwa ndani ya ndege, na idadi ya viti vilivyokaliwa siku ya kuruka.

Hapo ndipo magoti ya abiria yanapoingia katika hesabu.

HESABU YA INCHI

Chukua mfano wa darasani. Ndege inakodiwa kwa pauni 100,000 kwenda na kurudi. Ikiwa na viti 190, kila kiti kinagharimu pauni 526. Ikiwa na viti 235, gharama inashuka hadi pauni 426 hivi. Tofauti ya pauni 100 kwa kila mtu ndiyo inayoamua ni tangazo gani litakalokatwa gazetini na kubandikwa jikoni kwa familia ya watu wanne.

Viti hivyo vya ziada havitoki mbinguni. Ndege yenye safu 30, kila safu ikiwa na inchi 32 kutoka kiti hadi kiti cha mbele yake, inatumia inchi 960 za sakafu. Punguza nafasi hiyo hadi inchi 28 na sakafu ileile inabeba safu 34. Kwa ndege yenye viti sita kwa safu, hao ni abiria 24 zaidi, na rubani, injini na ada ya kutua ni vilevile.

Idadi ya 235 haikubuniwa. Ndiyo iliyokuwa kawaida kwa Boeing 757-200 za kampuni za kukodi za Uingereza, wakati ndege hiyohiyo katika safari za ratiba ilibeba abiria chini ya 200. Anayesema "nimewahi kupanda 757, ni ndege nzuri" hajasema jambo la kumsaidia mtu mpaka aeleze aliipanda kwa kampuni ipi.

NDEGE MOJA, VITI MBALIMBALI

Upana nao una habari yake. Boeing 767 katika safari za ratiba hupangwa viti saba kwa safu: viwili dirishani, vitatu kati na viwili dirishani. Kampuni za likizo, Britannia ikiwa mfano mkubwa, ziliongeza kiti cha nane katikati, na 767-300 yao moja ikafikisha viti 328. Ukuta wa ndege haukusogea. Kilichosogea ni mabega ya watu.

DC-10 nayo ilipitia hayohayo kabla yake. Mpango wa kawaida ulikuwa viti tisa kwa safu, lakini wenye kubeba watalii waliweka kumi. Freddie Laker, ambaye alianza na safari za kukodi kabla ya kuanzisha huduma yake ya Skytrain ya London hadi New York mwaka 1977, alijaza viti 345 katika DC-10 zake.

Kwa Boeing 787, mtengenezaji alitangaza kwanza mpango wa viti vinane kwa safu. Japan Airlines ilibaki na vinane katika safari zake za nje. Kampuni nyingi zaidi, pamoja na Thomson iliyokuwa ya kwanza Uingereza kurusha 787 mwaka 2013, zilichagua tisa, yaani vitatu mara tatu. Airbus A330 kwa kawaida ni mbili-nne-mbili, ila zipo kampuni za bei ya chini na za likizo zilizoweka tatu-tatu-tatu humo pia.

Kwa mke na mume wanaosafiri wenyewe tofauti hiyo ina maana kuliko jina la ndege. Katika mbili-nne-mbili, viti viwili vya dirishani ni vyao, hakuna wa kumruka mwenzake ila wao wenyewe. Katika tatu-tatu-tatu daima kuna mtu wa tatu, na kama amelala ujiani usiku wa manane juu ya Sudan, safari ya chooni hugeuka mazungumzo ya kidiplomasia. Tena katika mpango wa viti saba wa 767 ni abiria mmoja tu kati ya saba anayekosa dirisha na ujia. Katika mpango wa tisa, ni watatu kati ya tisa.

KITI GANI BASI?

Wengi hukimbilia safu ya mlango wa dharura kwa sababu ya nafasi ya miguu. Ni kweli nafasi ipo. Lakini kiti hicho kina kazi: anayekikalia lazima awe mtu mzima mwenye nguvu, anayeelewa maelekezo, na asiyebeba mtoto. Na safu iliyo mbele ya mlango huo mara nyingi viti vyake havilali nyuma, ili visizibe njia. Mtu anaweza kulipa ziada akidhani amepata karibu na mlango, kumbe amepata hasara yake bila faida yake.

Safu ya kwanza nyuma ya kiambaza haina mtu wa kulaza kiti magotini pako, na ndiko kunakofungwa vitanda vya watoto wachanga. Asiyependa kilio aelewe hivyo. Meza hutoka ndani ya mkono wa kiti, kwa hiyo mkono huo haunyanyuki, na mkoba hauruhusiwi sakafuni wakati wa kuruka na kutua. Safu ya mwisho iko jirani na choo, na viti vyake kwa kawaida haviegemei.

Mwenye kusumbuliwa na tumbo hewani akae usawa wa mabawa, ambapo ndege huyumba kidogo zaidi. Mkiani ndiko kunakotikisika. Mwenye kutaka dirisha ahakikishe kwamba dirisha lipo. Katika Boeing 737-800 kuna kiti upande wa kushoto, mbele kidogo ya bawa, ambacho kinauzwa kama cha dirishani lakini kinatazamana na ukuta mtupu, kwa kuwa ndani yake limepita bomba la hewa ya ubaridi. Namba ya safu hutofautiana kwa kampuni. Na anayeshuka kutoka kaskazini kwenda Mombasa, kama hakuna mawingu, hutazama Kilimanjaro upande wa kulia.

Hata hivyo, kuchagua kiti cha karibu na mlango kuna sababu nzito kuliko miguu.

Tarehe 22 Agosti 1985 ndege ya kukodi ya British Airtours, Boeing 737 iliyokuwa ikipeleka watalii Corfu, ilishika moto injini wakati wa kuruka Manchester. Ilisimama juu ya ardhi, haikuanguka popote. Bado watu 55 walikufa, wengi wao kwa moshi, wakigombania kutoka. Abiria aliyekuwa kando ya mlango wa bawani alijitahidi kuufungua. Mlango wenyewe, wenye uzito wa zaidi ya kilo 20, ulimwangukia na kumbana kitini mpaka wengine walipouondoa.

Baada ya hapo mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilibadili mengi, na mwaka 1989 ikaweka kipimo cha chini kabisa: inchi 26 za uwazi kati ya mgongo wa kiti na kiti kilicho mbele. Msomaji asichanganye kipimo hicho na zile inchi 28 za juu. Zile hupimwa kutoka kiti hadi kiti, unene wa kiti ukiwemo; hizi 26 ni za uwazi peke yake. Watengenezaji nao wakagundua njia yao: kiti chembamba zaidi hutoa uwazi uleule katika safu zilizobanana zaidi. Jambo la kufanya kwa abiria halina gharama yoyote. Ahesabu safu zilizopo kati yake na mlango wa mbele yake, halafu wa nyuma yake, ili aweze kuifuata hesabu hiyo kwa mikono gizani.

NANI ANARUSHA?

Yote hayo yanategemea abiria kupandishwa ndege aliyotajiwa. Mikataba ya safari za likizo huacha mlango wazi kwa mwandaaji kubadili ndege, na hata kampuni, panapotokea hitilafu. Kampuni moja hukodi kwa nyingine ndege pamoja na marubani na wahudumu wake, na mteja hujua pale anapoona rangi ngeni uwanjani. Ramani ya viti aliyoisoma nyumbani inakuwa karatasi tu.

Mara nyingi mabadiliko hayo hayana madhara yoyote. Februari 1996 yalikuwa nayo. Watalii, wengi wao Wajerumani, walikuwa wakirudi nyumbani kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, kwa Boeing 767. Ndege hiyo ikapata hitilafu ya hidroliki, na kampuni ya Birgenair ya Uturuki ikaleta Boeing 757 iliyokuwa imeegeshwa kwa zaidi ya wiki mbili bila kuruka. Kijibomba cha kupimia mwendo wa hewa kilikuwa kimeziba, inadhaniwa ni kwa kiota cha nyigu. Vipimo vikamdanganya rubani, na watu wote 189 wakaangamia baharini.

Januari 2004 ikaanguka Boeing 737 ya Flash Airlines ya Misri muda mfupi baada ya kuruka Sharm el-Sheikh. Walikufa 148, wengi wao watalii wa Kifaransa. Ndipo familia zao zilipofahamu kwamba Uswisi ilikuwa imeifungia kampuni hiyo anga yake tangu 2002, na hakuna aliyewaambia waliokuwa wakinunua tiketi Paris. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2111 ya mwaka 2005 ilitokana na hasira hiyo. Inamtaka anayeuza safari amtajie mteja jina la kampuni itakayorusha ndege, na amwarifu ikibadilika. Orodha ya kwanza ya kampuni zilizopigwa marufuku ilitolewa Machi 2006. Mnunuzi anayeuliza swali hilo sasa haombi fadhila, anadai haki yake.

UPANDE WA PWANI

Kwa wenye hoteli wa Mombasa, Malindi na Zanzibar, aina ya ndege ni takwimu ya soko. Ndege moja ya viti 300 kila wiki, ikijaa, ni vyumba 150 vya watu wawili wawili. Neos ya Italia, inayotua Mombasa na Zanzibar, ilianza kupokea Boeing 787-9 mwishoni mwa 2017 na kuziachia nafasi ya 767 zake hatua kwa hatua. Mwenye hoteli anayesoma habari kama hiyo kwa jicho la biashara anajua idadi ya vitanda kabla wakala hajapiga simu.

Hesabu hiyohiyo hugeuka upande wa pili. Mgeni wa ndege za ratiba akiahirisha, hoteli hupoteza mgeni mmoja. Mei 2014, baada ya serikali ya Uingereza kutoa onyo la usalama kuhusu Mombasa, Thomson na First Choice ziliwarudisha nyumbani mamia ya wateja kabla likizo hazijaisha, na kufuta safari zote za kwenda huko hadi Oktoba 31. Msimu mzima uliondoka kwa tangazo moja. Kuanzia 2016 Kenya ilijaribu kuzirudisha ndege hizo kwa kusamehe ada za kutua Mombasa na Malindi na kulipa dola 30 kwa kila abiria aliyeletwa.

Katika ndege ya viti 300 iliyojaa hizo ni dola 9,000 kwa safari moja.