BIBI ALIYEINGIA UTAWA AKAVUKA BAHARI: ATAFUTWE WAPI?

Wandegeya, mtaa ulio kati ya kilima cha Makerere na kile cha Mulago mjini Kampala, ulipata jina lake kutokana na endegeya, ndege wadogo wafumao viota. Leo wanapishana hapo wanafunzi, wauguzi, wachuuzi na askari polisi waliotoka kila pembe ya Uganda. Katika umati kama huo hawakosi watu ambao koo zao zina habari ya nusu: bibi fulani alibatizwa, akaingia utawa, akapelekwa ng'ambo, na barua zikakoma.

Habari hiyo ya nusu ina uzito wake. Kwa mila za Waganda, msiba haujaisha mpaka ukoo ukutane kumaliza olumbe. Ukoo usiojua kama mtoto wao yu hai au amekufa, wala kaburi lake liko wapi, utakutana kwa lipi?

Ndugu askari, ninyi mnalielewa jambo hili kuliko wengi. Askari akipotea vitani hatafutwi kwa jina alilopewa utotoni na nyanya yake. Hutafutwa kwa namba yake na kikosi chake. Mtawa naye ana kikosi chake, ndilo shirika lililompokea, na mara nyingi ana jina jipya alilopewa humo. Asiyejua mambo hayo mawili atatafuta miaka mingi bila kuona kitu.

MFANO WA MAMA KEVINA

Tutazame safari ya mtawa aliyekuja kwetu kutoka mbali, kwani kwa jamaa zake Uganda ndiyo iliyokuwa ng'ambo. Teresa Kearney alizaliwa mwaka 1875 karibu na mji wa Arklow, Ayalandi. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, na mama yake akafa yeye akiwa bado mtoto. Akalelewa na bibi yake. Mwaka 1895 aliingia katika nyumba ya watawa Wafransisko huko Mill Hill, London, na mwaka 1898 akaweka nadhiri kwa jina la Mary Kevin.

Tangu hapo Teresa alitoweka katika karatasi. Ayalandi ilikuwa ikiandikisha vizazi vya watu wote tangu mwaka 1864, lakini katika hesabu ya watu ya nchi hiyo ya mwaka 1901 hangeweza kuonekana, maana alikwisha kuhama. Mwezi Januari mwaka 1903 yeye na wenzake watano walifika Nsambya, kilima ambacho polisi wetu wanakijua vema kwa sababu ya kambi yao. Wakaanza kutibu wagonjwa chini ya mwembe.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, masista wa Nsambya waliwauguza askari na wapagazi wa jeshi, wale wa Kariakoo, waliorudi wakiwa wamedhoofika kwa majeraha na maradhi. Kwa kazi hiyo Mama Kevin alitunukiwa nishani ya MBE mwaka 1918. Wananchi wakamwita Mama Kevina. Mwaka 1923 alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika. Alifariki karibu na Boston, Marekani, mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 82. Mwili wake ukapitishwa Ayalandi, kisha ukaletwa Uganda kuzikwa Nkokonjeru.

Tazameni basi: kuzaliwa Arklow, nadhiri London, kazi Nsambya, kifo Marekani, kaburi Nkokonjeru. Nchi nne, na majina matatu. Uzi unaoziunganisha ni mmoja tu, nao ni shirika lake.

NJIA YA KUFUATA

Anayemtafuta bibi yake aanze nyumbani. Awaulize wazee jina la ubatizo, parokia, na takriban mwaka alioondoka. Kisha aende parokiani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza kwamba nadhiri za daima ziandikwe katika kitabu cha ubatizo, kando ya jina la mhusika.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa: aliandikie barua shirika lenyewe. Mashirika ya watawa hutunza kumbukumbu za masista wao, waliopo na waliokufa. Kwa Uganda, Bannabikira wa Bwanda, karibu na Masaka, walianza mwaka 1910. Masista Wadogo wana nyumba yao Nkokonjeru. Barua itaje jina la mwandishi na udugu wake na marehemu, kisha iulize mambo matatu: jina la utawa, vituo alivyotumikia, na mahali pa kaburi.

Aliye Wandegeya ana bahati ya ziada. Hatua chache tu kupanda kilima ipo maktaba ya Makerere, penye hazina ya maandishi ya kale ya Uganda. Na gazeti la Kikatoliki la Munno, lililoanza mwaka 1911, ni mahali pa kutafuta habari za watawa wa zamani.

Basi, ndugu, mkipata likizo ya kwenda nyumbani, kaeni na wazee na kuandika majina kabla wazee hao hawajaondoka nayo. Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata.