Mtoki Ukivimba, Tazama Kidonda

Mtu hujikata mguuni kwa kipande cha bati, akakidharau kidonda. Siku mbili tatu baadaye kinena kinavimba na kutembea kunakuwa taabu. Mtoki huo. Wengi wetu hapo husahau kidonda, tukaanza kuukanda mtoki au kuuchanja kwa wembe. Ni sawa na kumpiga mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa mingine myembamba ya limfu. Damu ipitapo mwilini, majimaji yake huvuja. Mengi hurudi yenyewe. Yanayobaki, kiasi cha lita 3 hivi kwa siku, hukusanywa na mishipa hii na kurudishwa kwenye damu karibu na mtulinga. Limfu haisukumwi na moyo. Mwendo wake husaidiwa na misuli tunapotembea na kupumua.

Njiani hupita kwenye vituo vya ukaguzi, yaani tezi. Zipo mamia, nyingi zikiwa shingoni, makwapani na kinenani. Humo chembe nyeupe za damu hunasa vijidudu vilivyoingilia kidondani, huvitambua, kisha huongezeka kwa wingi ili kuviangamiza. Ndiyo sababu tezi huvimba: ya kinena kwa kidonda cha mguu, ya kwapa kwa kidonda cha mkono, ya shingo kwa jino bovu au koo.

Njia hiyo ikiharibika, matokeo yake ni kama matende tunayoyajua Pwani. Minyoo iletwayo na mbu hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu. Majimaji hukosa njia, mguu huvimba, na vijidudu hupenya kwenye mipasuko ya ngozi bila kuzuiwa ipasavyo. Kwa hiyo mgonjwa huagizwa auoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, na kuukausha vizuri.

Basi ukipata mtoki, tafuta kidonda. Kioshe, kifunike, na uende zahanati upesi kama kuna usaha, homa, au mstari mwekundu unaopanda kutoka kidondani. Tezi iliyovimba zaidi ya majuma mawili, hata isiyouma, mwonyeshe daktari. Huenda ni kifua kikuu cha tezi, virusi vya UKIMWI au saratani, na yote hayo ni heri yajulikane mapema. Wembe tumwachie kinyozi.