Mimea Isiyoogopa Kiangazi

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mimea ambayo watu huipita kila siku bila kuitazama mara ya pili: mnyaa wa uani, mshubiri wa kibarazani, mkonge wa mpakani, na mpungate wenye miiba. Mimea hii minne si ya ukoo mmoja, walakini ina tabia moja. Mwili wake ni mnene, umejaa maji au utomvu, nayo huishi mahali ambapo mahindi hufa. Sifa hiyo ni kubwa, nasi twaistahi. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo iletayo hasara, maana mmea usiokufa kwa jua haufi kwa urahisi pia siku ile mwenyewe atakapo ufe. Hilo ndilo neno letu la leo.

Namna Inavyoishi

Kwanza yafaa tujue siri ya mimea hii. Ngozi ya kila mmea ina vitundu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo hewa huingia, na kwa vitundu hivyo hivyo maji hutoka, kama jasho litokavyo mwilini. Mimea mingi hufungua vitundu vyake mchana. Jua likiwa kali, maji mengi hupotea, na mmea hunyauka.

Mimea yetu hii hufanya kinyume. Mchana hufunga, na usiku kukiwa na baridi hufungua. Hewa inayoingia usiku huwekwa akiba ndani, na asubuhi mwanga utokapo, mmea huitumia akiba ile kujitengenezea chakula hali milango yake imefungwa. Ni kama mama mwenye busara atekaye maji alfajiri, akafunika mtungi wake, asitoke tena wakati wa jua. Tena ngozi yake ni ngumu, imepakwa kitu kama nta. Mizizi ya mingi haiendi chini sana bali hutambaa karibu na juu ya ardhi, ipate kunywa hata manyunyu ya mvua ndogo kabla hayajakauka.

Walakini aliyejifungia nyumbani hafanyi biashara nyingi. Mimea hii mingi hukua polepole, na apendaye kuona faida kwa mwezi mmoja asiipande.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili: mimea mingi ya namna hii huuawa na mapenzi kuliko kiu. Sisi wenyewe tulikosa hapo kwanza. Tulipanda mshubiri ndani ya kopo kuukuu lisilo na tundu chini, tukaumwagilia maji kila jioni, tukijisifu kwa uangalizi wetu. Majani yakawa laini, yakageuka rangi, na siku tulipouvuta ukatoka mzima mkononi. Mizizi yote ilikuwa imeoza. Jirani yetu alikuwa na mshubiri nyuma ya jiko, juu ya kokoto, ambao hakuna aliyeutazama, nao ulikuwa umezaa watoto saba. Basi, kopo litobolewe chini, udongo uchanganywe na mchanga, na maji yasitiwe mpaka udongo uwe umekauka kabisa.

Mnyaa

Mnyaa wajulikana sana katika nchi zetu. Hauna majani ya kuonekana. Yale madogo yatokayo nchani huanguka upesi, na matawi ya kijani ndiyo yafanyayo kazi ya majani. Wasukuma wameuzungushia makazi yao tangu zamani, na Wamasai pia wameutumia kwa maboma. Inasemekana hata jina la Ziwa Manyara limetoka katika neno la Kimasai liitalo mmea huu.

Faida yake ni ua usionunuliwa. Hukata tawi lenye urefu wa mkono, ukaliweka kivulini siku kadhaa mpaka kidonda chake kikauke, ndipo ukalisimamisha ardhini. Ukichomeka matawi kwa mstari, karibu karibu, baada ya misimu michache utapata ukuta ambao ng'ombe hapiti wala hauli. Mchwa wakila vigingi vya jirani, wewe huna hasara. Na mti usiokatwa kwa vigingi hubaki porini kuleta kivuli.

Sasa tutazame upande wa pili. Ng'ombe hauli mnyaa kwa sababu ya maziwa yake. Maziwa hayo meupe huunguza ngozi, na yakiingia jichoni huleta maumivu makali, hata mtu asiweze kuona kwa muda. Asipotibiwa, jicho laweza kupata madhara makubwa. Tulimwona kijana mmoja akipunguza ua kwa panga wakati wa upepo. Alifanya kazi vizuri, akamaliza, kisha akajifuta jasho la usoni kwa mkono ule ule. Usiku ule hakulala, na kwa siku mbili alishikwa mkono kupelekwa uani. Alipona kwa kuwa mama yake alimwosha macho papo hapo kwa maji mengi safi, kisha akampeleka hospitali. Hakungoja asubuhi, wala hakumtia dawa ya kubahatisha.

Basi akataye mnyaa asimame upepo unakotoka, avae nguo ya mikono mirefu, aweke maji karibu, asiguse uso mpaka amekwisha nawa kwa sabuni. Watoto waambiwe mapema, maana kwao kijiti kinachotoa maziwa ni mchezo mzuri. Tena ua usiachwe kwenda juu upendavyo. Mnyaa usiopunguzwa huwa mti mrefu kuliko nyumba, na kuukata wakati huo ni hatari zaidi kuliko kuupunguza kila mwaka.

Mshubiri

Uchungu wa shubiri hauhitaji kuelezwa kwa Mswahili. Mama wa pwani ameupaka titini ili kumwachisha mtoto ziwa, na mtu aliyepatwa na mambo mazito husema maisha yamekuwa shubiri.

Wengi hawajui kuwa ndani ya jani moja mna vitu viwili. Karibu na ngozi mna utomvu wa manjano, na huo ndio mchungu. Katikati mna ute mweupe kama maji mazito, nao hauna ukali ule. Ute wa mshubiri ule wa dawa, ambao asili yake ni Bara Arabu, hupakwa juu ya ngozi iliyoungua kidogo kwa jua au kwa moto, nayo hupoa. Utomvu wa manjano ukinywewa huendesha tumbo kwa nguvu, na mwili hupoteza maji. Mwenye mimba asiunywe, wala mtoto asipewe. Tena iko mishubiri ya namna nyingi sana porini kwetu, wala si yote ifaayo kwa dawa. Mingine ina sumu. Usioujua usiuonje.

Furaha yake nyingine ni maua. Wakati wa ukame, bustani nzima ikiwa kimya, mshubiri huinua shina lenye maua mekundu au ya manjano, na yule ndege mdogo aitwaye chozi huja kunywa asali yake, na nyuki humfuata.

Lakini hasara hapa humpata mshubiri mwenyewe. Watu wamepita porini wakiung'oa kwa kuuza utomvu, mpaka mahali pengine ukawa haba. Katika Kenya, mwaka 1986, Rais alikataza kuvuna mishubiri ya porini kwa biashara, na leo biashara ya mishubiri ya porini kati ya nchi na nchi inaangaliwa kwa sheria. Atakaye mshubiri asiung'oe mzima. Achukue mtoto mmoja pembeni, mama abaki.

Mkonge

Mkonge ni mgeni, asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mwenye elimu ya kilimo, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo 62 yalianza mashamba makubwa ya Tanganyika, ambayo baadaye yalipeleka katani katika nchi nyingi za dunia. Twaona hapo ugumu wa mmea huu: wachache walipona, na wachache wale walitosha.

Kwa mwanakijiji, mkonge ni mpaka usiohamishwa usiku. Majani hutoa nyuzi za kamba, na shina la ua lake, liitwalo mlingoti, hutumika katika ujenzi. Mkonge huchanua mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa. Lakini kabla ya kufa hutoa vitoto vingi juu ya mlingoti, navyo huanguka chini na kuota.

Hasara yake ni mwiba ulio nchani mwa jani, mweusi na mkali kama sindano, nao u juu ya ardhi kwa kimo cha jicho la mtoto au la ndama. Kwa hiyo usipandwe kandokando ya njia ya shule wala karibu na kisima. Na vitoto vikiachwa vianguke kila mwaka, mstari mmoja huwa mitatu, nawe umempa mkonge shamba lako bila hati.

Mpungate

Tumeuweka mpungate mwisho kwa sababu ndio wenye funzo kubwa. Nao asili yake ni Amerika. Huko Mexico watu hula matunda yake na vipande vyake vichanga, na kwa ukame mifugo hulishwa baada ya miiba kuchomwa. Ua lake lapendeza, na boma lake halipitwi na mwizi.

Lakini kila kipande kinachoanguka huota mizizi, na kila tunda lina mbegu nyingi. Watu wa Australia walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mpungate wa kwanza ulipelekwa huko mwaka 1788, kwa sababu ya mdudu mdogo aishiye juu yake, atoaye rangi nyekundu ya nguo. Baadaye aina nyingine zikapandwa kuwa ua. Kufika miaka ya 1920, mipungate ilikuwa imefunika nchi ya hekta kama milioni 24, na wakulima wengi waliacha mashamba yao. Panga halikufaa, na sumu ilikuwa ghali kuliko ardhi yenyewe. Mwisho wataalamu walileta kutoka Ajentina mayai ya nondo mmoja ambaye viwavi wake hula mpungate. Mwaka 1926 walianza kuwaachilia, na katika miaka michache viwavi walikula kile ambacho watu walishindwa. Huko Boonarga, katika Queensland, wakulima walijenga ukumbi mwaka 1936 na kuupa jina la mdudu yule kwa shukrani.

Msidhani kuwa hayo ni mambo ya mbali. Katika Laikipia, nchini Kenya, mipungate iliyoletwa kwa pambo na kwa ua imetoka maboma na kuingia malishoni. Tembo, nyani na ndege hula matunda na kusambaza mbegu. Mbuzi naye hula wakati wa njaa, na vile vimiiba vidogo kama vinyweleo humwingia mdomoni, machoni na matumboni, mpaka hawezi kula tena. Mfugaji hupoteza malisho, kisha hupoteza na mbuzi. Tangu miaka ya 2010 wataalamu wamejaribu kuachilia huko wadudu wanaofyonza mpungate, nao wamesaidia mahali kadhaa. Lakini kazi ni ndefu, na haikuwa lazima kama ua wa kwanza ungalitunzwa.

Mashauri Yetu

Basi tufanye nini? Je, tuing'oe yote? Hasha. Kuna nyumba nyingi ambazo bila mnyaa zisingekuwa na boma, na wako watu wengi waliosomeshwa kwa fedha za katani. Lakini kabla ya kupanda, yafaa mtu ajiulize maneno matatu: Ni nani atakayepita hapa, mkubwa au mtoto? Je, mmea huu unaenea kwa mbegu, kwa vipande, au kwa vitoto? Na ni nani atakayeupunguza mwakani, na mwaka ule mwingine?

Palipo na mnyaa au mshubiri wa kwetu, usilete mpungate. Ikiwa mpungate uko tayari, chuma matunda kabla hayajaiva, kata uliotoka nje ya mstari, na vipande usivitupe njiani wala mtoni, maana mto utakupandia shamba la jirani. Vianike juu ya mwamba vikauke, kisha vichome, au vifukie katika shimo refu.

Watu husema kuwa mimea hii haitaki kazi. Si kweli. Haitaki maji, lakini yataka jicho. Mahindi yakisahauliwa hufa, na hasara ni ya msimu mmoja. Mpungate ukisahauliwa huishi, na hasara yaweza kurithiwa na wajukuu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza: ukipanda ukuta ulio hai, uutazame kila mwaka, usije ukakufungia nje ya shamba lako mwenyewe.