Mbwa wa jirani naye ana haki

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, miongoni mwa maswali yaliyotufikia ni la familia moja ya Igunga, mkoani Tabora. Jirani yao, ambaye huswali nao msikiti mmoja, anafuga mbwa wa kulinda zizi. Mchana kutwa mbwa huyo hufungwa juani kwa kamba fupi, maji hupewa pale mwenyewe anapokumbuka, na akibweka hupigwa kwa fimbo mpaka watoto wa nyumba ya pili wanaziba masikio. Mama wa familia hiyo alipothubutu kusema neno, alijibiwa kuwa mbwa ni najisi na Muislamu hana sababu ya kumhurumia. Wanauliza mambo mawili: je, jibu hilo lina msingi katika dini? Na je, wafanye nini bila ya kuvunja ujirani?

Najisi ni hukumu ya twahara

Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama ilivyothibiti katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim. Wafuasi wa Imam Malik wanaona kuwa mbwa aliye hai ni twahara. Lakini hakuna hata mmoja miongoni mwa maimamu hao aliyesema kuwa najisi ya mnyama ni ruhusa ya kumtesa. Hukumu hiyo inatufundisha namna ya kuosha chombo, nguo na mwili. Haikugusa hata kidogo haki ya mnyama ya kula, kunywa na kupumzika.

Wanazuoni haohao wa Kishafii, katika mlango wa kutayamamu, wamelifafanua jambo ambalo wengi wetu tumelisoma madrasa na kulisahau. Mtu akiwa na maji kidogo, wakati wa sala umeingia, na yupo mnyama anayeheshimiwa na sheria ambaye ana kiu, maji hayo atapewa mnyama na mtu huyo atatayamamu. Katika wanyama hao yumo mbwa asiyeshambulia watu. Tulizingatie hilo, ndugu zangu. Maji ya udhu, ufunguo wa sala, yanatanguliwa na kiu ya mbwa! Basi vipi mtu atumie hoja ya najisi kumnyima mbwa huyohuyo kopo la maji, ilhali ndoo zimejaa uani?

Watu wa Igunga hawahitaji kuelezwa kiu ni nini. Wanayajua masika na wanaijua miezi ya kiangazi katika mbuga za Wembere, na wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya maji ya Ziwa Victoria kuufikia mji wao. Wazee wetu waliopita na misafara kati ya pwani na Tabora waliijua zaidi. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa ya shida, na msafara ulilazimika kufanya tirikeza, yaani kutembea alasiri hadi usiku ili kesho yake mapema ufike penye maji. Kwa njia hiyohiyo ndipo Uislamu ulipoingia Tabora.

Kisa mashuhuri walichokipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) nacho ni cha njiani. Mtu mmoja aliyeshikwa na kiu kali aliteremka kisimani akanywa. Alipotoka alimkuta mbwa anahema na kula udongo mbichi kwa kiu. Akasema moyoni kuwa mbwa huyu yamemfika yaleyale yaliyonifika mimi. Akarudi kisimani, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno, akapanda na kumnywesha. Allah akamsamehe madhambi yake. Masahaba walipouliza kama wanyama nao wana malipo kwetu, Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa katika kila kiumbe chenye uhai mna ujira. Upo pia upokezi wa mwanamke malaya wa Bani Israili aliyesamehewa kwa tendo kama hilo, na kinyume chake upo wa mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie akajitafutie. Mbwa aliyefungwa kwa kamba fupi hali yake haitofautiani na ya paka yule.

Mbwa wa zizi na wajibu wa mwenyewe

Wapo watakaosema kuwa Muislamu hafugi mbwa kabisa. Jambo hili lina maelezo. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha kufuga mbwa bila ya haja, na amebainisha kuwa hupunguza ujira wa mwenye kufuga kila siku. Hata hivyo alimtoa katika onyo hilo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Katika wilaya ya wafugaji kama Igunga, mbwa anayelinda zizi dhidi ya fisi na wezi wa ng'ombe yumo katika ruhusa hiyo. Qur'ani nayo imewataja mbwa waliofunzwa kuwinda katika Suratul Maida, aya ya 4, na mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, aya ya 18.

Ruhusa hiyo imekuja na wajibu. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262 Miladia, ameorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwazo ni kumlisha mnyama hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaa tena kwa kazi, na kutomtwisha asichokiweza. Basi itakuwaje kwa yule anayekesha akilinda ng'ombe wako nawe umelala?

Linalofuata ni usalama wa watu. Mbwa aliyezoea kipigo na kamba huwa mkali, na siku kamba ikikatika mtoto wa jirani ndiye wa kwanza kuumwa. Kichaa cha mbwa hakiletwi na kipigo, kwani ni maradhi ya virusi, lakini mbwa asiyetunzwa aghalabu ndiye asiyechanjwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila ya kusubiri, kwani dalili zikishajitokeza ni nadra mno mgonjwa kupona.

Namna ya kumwendea jirani

Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah (S.W.) ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Haki hiyo haifutwi na kosa la jirani, wala na tofauti ya dini. Kwa hiyo familia hii, na kila aliye katika hali kama yao, tunawausia mambo yafuatayo.

Kwanza, wawe na yakini ya wanayoyaona, wala wasichungulie uani kwa watu, kwani upelelezi umekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Kilio kinachosikika barabarani kinatosha.

Pili, watangulize wema. Sahani ya chakula na kumjulia hali jirani hulainisha moyo kuliko hoja kumi. Kisha nasaha iwe ya faragha, kwa mzee anayemheshimu au imamu wa msikiti. Musa na Harun (A.S.) waliamrishwa kumwambia Firauni maneno laini. Jirani yetu si Firauni.

Tatu, nasaha iandamane na msaada. Wamsaidie kupata kamba ndefu, kivuli cha nyasi na chombo maalumu cha maji ambacho hakichanganywi na vyombo vya nyumbani, na kumjulisha siku ya chanjo. Akiwa amemchoka, wamwombe awape au ampe mfugaji mwingine mwenye haja. Wasimnunue, kwa kuwa thamani ya mbwa imekatazwa katika hadithi sahihi, na Mashafii wanaona biashara hiyo ni batili.

Nne, akishikilia, shauri lifikishwe kwa uongozi wa mtaa na kwa ofisa mifugo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa mbele yake. Kuondoa uovu kwa mkono katika jambo kama hili ni kazi ya mwenye mamlaka. Kumwiba mbwa usiku au kumtegea sumu ni dhulma juu ya dhulma.

Tano, tuwalinde watoto wetu. Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana wa Kikuraishi waliomfunga ndege wakamfanya shabaha. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kufanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ni watoto wangapi leo wanaokwenda madrasa wamebeba juzuu mkono mmoja, na jiwe la kumpiga mbwa mkono wa pili, na sisi wazazi tunacheka? Mtoto anayejifunza kuwa kilio cha asiyeweza kusema si kitu, kesho hatakisikia kilio cha mkewe wala cha mzazi wake aliyezeeka.

Tunamwomba Allah (S.W.) azilainishe nyoyo zetu na atujaalie kuwa majirani wema.

Wabillahi tawfiq.